Siku Madamu Alipoitika Labeka

Juzi mjukuu wangu Maryam alikuwa amejilaza kwenye kochi, simu mkononi, na glasi ya maji iko kwenye kijimeza pale pale, ukinyoosha mkono unaifikia. Akaita, "Njeri!" Njeri ni binti wa Kikenya anayetufanyia kazi hapa nyumbani kwetu Azaiba, Maskati. Alikuwa ghorofani anatandika vitanda. Akaitika kwa namna ya kwao, "Eeeh?" Akashuka ngazi zote, akampa Maryam glasi ambayo Maryam mwenyewe alikuwa akiitazama. Alipoondoka, Maryam akanigeukia.

"Bibi, huyu hana adabu. Ukimwita anakwambia eeeh."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikamwambia, kaeni basi, wewe na hao shoga zako wanaojazana sebuleni kwetu kila Ijumaa. Mna madigrii, mna maofisi, mna magari ya kuwapeleka Amerat na kuwarudisha, lakini hakuna hata mmoja wenu anayejua kuitika wala kuitikiwa. Mimi nimeitika kwa mshahara. Kazi yangu ilikuwa utumishi wa nyumbani, na sioni haya kuisema, ingawa baba yako, Maryam, akiwa na wageni huwaambia kuwa mama yake "alikuwa na Wazungu", kana kwamba nilikuwa balozi.

Tulifika Maskati baada ya yaliyotukuta Unguja mwaka sitini na nne, mimi na Bi Salma, shoga wa marehemu mama yangu. Bi Salma alikuwa fundi. Alitumikia nyumba za wakubwa Unguja tangu usichana wake. Mimi kwetu nilikuwa wa kuita, si wa kuitika. Sikuwahi kuosha hata sufuria. Siku ya kwanza Bi Salma aliponipa pasi ya mkaa niliishika kwa kitambaa kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Nikaipitisha kwenye gauni jeupe la watu, na majivu yakamwagika yote kifuani. Bi Salma hakunipiga wala hakunitukana. Alilitia gauni majini, akaniambia, "Mwanangu, pasi hutikiswa nje kwanza, ikohoe huko huko, halafu uijaribu juu ya tambara. Na wewe mwenyewe kwanza kohoa nje, ndiyo uingie ndani."

Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, ya kupanga, mali ya Sheikh Khalfan, mfanyabiashara aliyekulia Unguja kama sisi. Mpangaji alikuwa Mwingereza tukimwita Bwana. Alikaa Mombasa miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrishia: leta, peleka, upesi, hapana hii. Kwa ajili ya Kiswahili hicho ndiyo akataka watumishi wa Unguja. Mkewe alikuwa Mfaransa, naye tulimwita Madamu mbele ya watu na Bibi tukiwa naye. Jina langu la Zuwena lilimshinda. Alijaribu mara mbili, akachoka, akasema, "Weye Suzana." Basi nikawa Suzana mpaka walipoondoka. Bi Salma yeye akawa "Sal", na akasema alhamdulillahi, angalau hakuongezewa kitu.

Bi Salma ndiye aliyenifundisha labeka. Nyinyi labda mnaisikia kwa mahujaji tu, au kwa bibi zenu. Unguja mwanamke akiitwa na mkubwa wake huitika labeka, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Nami niliitika hivyo kwa mama yangu. Lakini kwa Bi Salma labeka ilikuwa zana ya kazi kama mwiko. "Ukiitwa tu, itika labeka," aliniambia, "hata hujajua unaitiwa nini. Tena itika kwa kuvuta kidogo. Pale unapovuta ndipo unapopata nafasi ya kufikiri umevunja nini."

Alinifundisha na mengine. Glasi huoshwa kabla ya sahani, maji hayajapata mafuta. Yai litie majini; likielea, mrudishie muuzaji na salamu. Mtungi wa maji utundike penye upepo na uufunge gunia bichi, utapata maji baridi kuliko ya hiyo mashine yenu inayonguruma jikoni. Na uso. Uso wa mtumishi uwe sahani iliyooshwa, hakuna kilichobaki juu yake.

Mimi uso wangu ulinichukua muda. Madamu aliagiza supu baridi, ndivyo wanavyokula kwao wakati wa joto, na joto la Maskati mnalijua. Mimi nikaona supu imepoa, aibu hii, nikairudisha jikoni kuipasha moto. Akaikataa. Nikaona haijapata moto wa kutosha, nikaichemsha. Alipoikataa tena, nikaipeleka inatokota kabisa na pilipili juu. Madamu akaitazama supu, akanitazama mimi, akaenda kulala na njaa. Bi Salma alicheka huku kajiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Sasa nije kwenye chumba, maana hapo ndipo roho zetu zilipokuwa. Nyuma ya jiko palikuwa na chumba kidogo cha udongo, mimi na Bi Salma tukilala humo. Msikione kidogo. Siku zile milango ya mji ilifungwa muda kidogo baada ya jua kuzama, na aliye nje alibaki nje. Wazungu wakila chakula chao usiku. Mtumishi anayelala Matrah, mji wa jirani nje ya ukuta, hawezi kuosha sahani za Maskati, mlango utafungwa yeye bado ana povu mikononi. Kwa hiyo bila chumba hakuna kazi, na bila kazi sisi wawili hatukuwa na pa kwenda. Unguja ndiyo hiyo tumeikimbia, na jamaa zetu wa huku walikuwa wakitusalimia kutoka mbali.

Bwana akanunua jenereta. Akaiweka uani, ikawa inanguruma, Madamu akawa hapati usingizi. Wakakaa wakashauriana, wakaamua jenereta iwekwe ndani, ukuta upunguze kelele. Ndani wapi? Ndani ya chumba chetu. Bwana alikuja jikoni kutuambia, tena kwa furaha, kama anayetupa habari njema. "Sal, Suzana, nyinyi lala Matrah. Mashine iko lala hapa."

"Labeka, Bwana," akasema Bi Salma, akiivuta. Bwana alipotoka, Bi Salma aliketi juu ya kibao cha mbuzi, hana nazi mkononi ya kukuna. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Niliogopa, na sikuogopa kwa ajili yangu.

Kila Alhamisi Madamu alikwenda kwa mke wa daktari kucheza karata, na sisi tulikuwa na mchezo wetu. Bi Salma huvaa mkoba wa Madamu, hujifunga shali, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawa Madamu. Mimi nilikuwa mimi. Alhamisi ile nilitaka tuuache, moyo haukuwepo, lakini yeye akasema hapana, leo ndiyo leo. Akaketi, akainua kidole.

"Suzana! Weye ondoka, mashine nataka lala! Mashine maskini choka sana! Weye lete shuka safi kwa mashine, na supu!"

"Baridi au moto, Bibi?"

"Baridi! Mashine hapana penda pilipili!"

Tulicheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Nilipogeuka kuchukua kitambaa nikamwona Madamu kasimama mlangoni. Karata ziliahirishwa, mke wa daktari ana homa. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Bi Salma alikuwa bado na mkoba wake begani.

Nikajua tumekwisha. Hatutangoja mwisho wa mwezi, kazi imekwenda leo, na tutalala chini ya ukuta. Madamu akapiga makofi.

"Tena," akasema. "Fanya tena."

Tukafanya tena, tumeamrishwa kumdhihaki. Haikuchekesha hata kidogo. Yeye alitazama kwa makini, mkono kwenye shavu, halafu akakimbilia chumbani kwake akaja na kitabu. Kilikuwa mchezo wa kuigiza wa Kifaransa, wa kisasa, akatueleza, wenye sifa sana kwao. Hadithi yake ni watumishi ambao bibi yao akitoka huvaa nguo zake na kufokeana kwa sauti yake. Bi Salma akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe hata Ulaya wanajua? Nani kawaambia?"

Madamu alitaka kuuonyesha mchezo ule kwa Wazungu wa Maskati na Matrah, ambao jumla yao wangeenea kwenye sebule moja. Lakini waliojua Kifaransa walikuwa wawili tu, yeye na mke wa daktari. Mchezo una watumishi wawili na bibi. Basi Madamu akamfuta mtumishi mmoja. Bi Salma alisema hiyo ndiyo desturi yao, wakikosa nafasi anayeondoka ni mtumishi.

Mke wa daktari akachukua ubibi. Madamu akachukua utumishi, na akanitaka mimi nimfundishe, na nikae mahali pa mke wa daktari mpaka homa impungue. Kwa hiyo kila asubuhi nilikaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni na Madamu alinitumikia. Msidhani nilipumzika. Aliniambia, "Suzana, tengeneza chai, nipate kukuletea chai." Nikaenda jikoni nikapika chai, nikaipanga kwenye sinia, nikampa sinia mlangoni, nikakimbia kukaa kwenye kiti, naye akaniletea. Alipomaliza, vikombe niliviosha mimi.

Jina la mtumishi kitabuni la Kifaransa lilinishinda. Nilijaribu mara mbili, nikachoka. Nikasema, "Weye Mwanakheri." Akakubali, akasema ni zuri sana. Nikamfundisha kuitika labeka na kusimama mikono imekunjwa tumboni.

Alikuwa mwanafunzi mbaya. Kila nikimfokea alikunja uso, akapepesa macho juu, akashika kifua. Nikamwambia, "Bibi, mtumishi halii mbele ya tajiri yake. Hulia jikoni, tena akiwa na kitunguu mkononi." Nikimwambia asimame, baada ya muda namkuta amekaa. Nikimwambia abishe hodi, anabisha huku ameshaingia. Labeka peke yake ndiyo iliyomkaa, akaitika vizuri kuliko mimi, mpaka mumewe akimwita naye anaitika labeka.

Na mimi nilijifunza kitu. Ukikaa kwenye kiti kile unaona vumbi. Nilifagia sebule ile kila siku na wallahi ilikuwa safi, lakini siku ya kwanza nilipokalia kiti nikaliona vumbi chini ya kabati, pazia limekaa upande, na chai ina majani. Kiti kile kilikuwa hivyo, akikikalia yeyote nyumba inachafuka.

Siku moja niliona yumo ndani ya utumishi hasa, macho yamemlegea kwa huruma, nikathubutu. "Bibi, na kile chumba chetu?"

Alifumba macho kama aliyepigwa na kelele. "Suzana, tafadhali. Sasa mimi iko ndani ya mchezo."

Na mafundi wa kuiingiza jenereta walishaambiwa waje siku inayofuata maonyesho.

Mchezo ulifanywa alasiri, ili wageni wa Matrah warudi milango haijafungwa. Madamu alivaa kanga yangu ya doti mpya, ile niliyoiweka kwa sikukuu, na hakuniuliza, aliichukua kambani. Akaweka na chetezo katikati ya sebule, na makaa na ubani, kwa sababu alisema patakuwa na hali ya kienyeji, ingawa hadithi yenyewe ni ya kwao. Bwana alikaa mbele na kufunga macho. Sheikh Khalfan mwenye nyumba alialikwa kwa heshima. Hakujua neno la Kifaransa, wala wale wengine hawakujua, ila yeye alikuwa mwungwana, kila baada ya kitambo akichezesha ndevu na kusema mashaallah. Mke wa daktari alisoma ubibi wake kwenye karatasi, miwani puani. Madamu alipepesa macho na kushika kifua kama kawaida.

Mimi na Bi Salma tulisimama mlangoni na masinia ya sambusa. Niliona Madamu anarudi nyuma, nyuma, pindo la kanga linaburuzika, mpaka likatua juu ya chetezo. Moshi ukaanza. Watu wakaona ni ubani. Niliona na cheche. Sikufikiri, na jina lililonitoka ndilo lililokuwa mdomoni wiki zote zile.

"We Mwanakheri!"

"Labeka, bibi!"

Aligeuka papo hapo, akasimama mbele yangu, mikono imekunjwa tumboni, uso sahani iliyooshwa. Kwa mara ya kwanza alipata.

"Kanga yangu hiyo inaungua! Itazame!"

"Samahani, bibi," akasema, akaivua, akaikanyaga mpaka ikazima, akarudi akasimama vile vile. Wageni wakapiga makofi, wakijua ndiyo mchezo. Bwana akafumbua macho. Sheikh Khalfan, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amesikia maneno anayoyaelewa, aliangua kicheko akajipiga goti.

"Haya bibi wa nyumba! Mwamrishe na jingine!"

Nililiweka sinia la sambusa chini. Nilimtazama Bi Salma. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa, alinitazama tu, macho yamejaa maji. Nikasema, na sauti niliyosemea sikuijua ni ya nani.

"Mwanakheri. Jenereta isiingie kile chumba. Chumba kina watu."

Madamu alifungua mdomo. Nadhani hapo ndipo aliporejea, nilimwona anarejea, anatazama wageni mmoja mmoja. Lakini neno lilishatangulia.

"Labeka, bibi."

Bwana alipanda wekundu mpaka masikioni, maana Kiswahili kile alikielewa. Na sasa msikilize nani aliyetuokoa, msije mkadhani ni huruma. Sheikh Khalfan aliacha kucheka.

"Jenereta gani? Bwana, unataka kutia mashine ndani ya chumba changu cha udongo? Itatikisa ukuta wote! Nyumba yangu itapasuka!"

"Hapana, hapana," akasema Bwana. "Nje. Mashine iko nje."

Ndivyo ukuta ulivyopata mtetezi, na sisi tuliokuwa ndani yake tukapona. Madamu akawaambia wageni kuwa kuunguza kanga lilikuwa wazo lake, na wakampa mkono. Kanga hakunilipa, wala sikudai. Bi Salma usiku ule alicheka kitandani peke yake, kila akikaribia kulala akisema "Labeka, bibi," anaanza upya.

Jenereta ilibaki nje, ndiyo. Waliihamisha kutoka dirishani kwa Madamu, wakaiegemeza kwenye ukuta wa chumba chetu, upande wangu. Mkiniona naweka mkono kwenye sikio la kushoto mnapozungumza, si uzee, ni ushindi ule. Madamu aliendelea kuniita Suzana nami nikaendelea kuitika, ila hakunitaka tena nikae kwenye kiti. Mwaka sabini mambo ya nchi yalipobadilika, akaja Sultani mpya, milango ya mji ikaachwa wazi, watu wetu wakaja kwa wingi, wakaingia maofisini. Nikaolewa. Bi Salma nilimchukua kwangu akaishi kama mama mpaka akafa, na mpaka leo pasi ikinuka natafuta sauti yake.

Nikajenga, wanangu wakajenga, tukafika Azaiba. Nikanunua kiti kikubwa.

Ijumaa iliyopita mlikwenda wote Amerat kwenye walima wa harusi, nami nilikuwa nije nanyi, lakini joto likanishinda njiani, baba yako akanirudisha. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Jikoni nikasikia vicheko. Njeri na yule msichana wa nyumba ya jirani. Sikio langu la kulia ni zima kabisa, nawajulisheni.

Nilichungulia. Njeri amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, shali yangu begani, mkono kwenye sikio la kushoto.

"We Njeri! Mbona chini ya kabati kuna vumbi? Na hii chai imepoa! Mimi enzi zangu Maskati, wallahi, nilikuwa najua kazi! Glasi zinaoshwa kabla ya sahani! Na wewe kohoa nje kwanza, ndiyo uingie ndani!"

Mwenzake alikuwa hoi, amejishikilia kwenye friji. "Aki wewe utaniua! Fanya tena!"

Nilihisi uso wangu unawaka. Nilitaka kuingia na fimbo yangu. Ile sauti ilikuwa yangu, jamani, haikuzidishwa hata chembe. Njeri akajirekebisha shali, akanyanyua kidole, akaita tena kwa kuvuta, "We Njeriii!" Mwenzake hakuweza kujibu kwa kicheko.

"Labeka, bibi," nikaitika mimi.

Wakaganda wote wawili. Nikaingia jikoni, nikaiegemeza fimbo ukutani, nikakunja mikono tumboni kama nilivyomfundisha Madamu, nikasimama nikingoja kutumwa.